James Cook: Alikataa unahodha, akaanza upya

Hebu jiulize. Una miaka 26, umesota baharini tangu ujana wako, halafu mwenye meli anakuita na kukukabidhi meli uwe nahodha. Ungekataa? James Cook alikataa.

Alizaliwa 1728 huko Yorkshire, Uingereza, baba yake akiwa kibarua wa shamba. Alifanya kazi dukani, kisha akaenda mji wa Whitby kujifunza ubaharia kwenye meli za makaa ya mawe. Mwaka 1755, badala ya kuchukua unahodha aliopewa, alijiunga na Jeshi la Wanamaji kama baharia wa kawaida. Yaani alishuka hadi chini, tena kwenye jeshi ambalo vyeo vingi vilikuwa vya watoto wa wenye nacho.

Sasa tazama alivyopanda. Alijisomea hesabu na elimu ya nyota, na 1757 akafaulu mtihani wa kuongoza meli za kivita. Huko Kanada alisaidia kuchora ramani ya mto St Lawrence, ambayo Waingereza waliitumia kuuteka mji wa Quebec 1759. Kisha akapima pwani ya Newfoundland kwa miaka. Uluteni aliupata 1768, akiwa na miaka 39. Si mchezo!

Mwaka huohuo alitumwa Tahiti na meli ya Endeavour, kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Kutoka hapo akachora ramani ya New Zealand na ya pwani ya mashariki ya Australia. Pwani hiyo aliitangaza kuwa mali ya mfalme wake, bila ridhaa ya wenyeji. Safari ya pili ilimfikisha kwenye barafu za Antaktiki, na mabaharia wake waliponea kiseyeye kilichokuwa kikiwamaliza wengine.

Safari ya tatu ndiyo iliyommaliza. Februari 1779, huko Hawaii, boti yake iliibwa. Cook alishuka ufuoni na wanajeshi wenye bunduki, amkamate mfalme Kalaniʻōpuʻu hadi boti irudishwe. Watu wa mfalme wakakataa, vurugu zikazuka, naye akauawa palepale. Alikuwa na miaka 50.

Kukubali kuanza chini na kujifunza ndiko kulikompandisha. Siku aliyochagua ubabe, hakupata nafasi ya kujifunza tena.