Denis Burkitt na Chakula cha Kijijini

Kwa kujifunza: Mwanzo 1:29, Danieli 1:8–16, 1 Wakorintho 10:31

Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version inasema kwamba Danieli na wenzake waliomba wapewe mtama na maji kwa siku kumi. Tafsiri za lugha nyingine zimeandika mboga, au kunde. Neno la Kiebrania lina maana pana, yaani vitu vinavyotokana na mbegu zilizopandwa. Lakini watafsiri wetu hawakukosea kuchagua mtama, kwa kuwa msomaji wa Afrika Mashariki alielewa mara moja kilichokuwa kikishindana mezani: chakula cha ikulu na chakula cha nyumbani kwa bibi.

Mtu tunayemtazama leo hakuwa Mwadventista. Alikuwa Mkristo wa Kianglikana, daktari wa upasuaji, aliyekaa miaka 20 katikati ya watu wanaokula wimbi, mtama, matoke, viazi vitamu na maharage. Alipokuwa nao hakuona jambo la ajabu katika sahani zao. Aliliona baada ya kurudi kwao.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa kisiwa cha Ayalandi. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali, na muda wake wa ziada aliutumia kuchunguza ndege wadogo bustanini. Aliwafunga vipete miguuni ili amtambue kila mmoja, kisha akachora ramani ya mahali kila ndege alipokaa. Mwanawe alikuja kufanya jambo lile lile kwa magonjwa.

Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe na mtoto mwenzake, akapoteza jicho la kulia. Mwaka 1929 aliingia Trinity College, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Huko alijiunga na kikundi kidogo cha wanafunzi waliokuwa wakisali na kusoma Biblia pamoja, akampa Kristo maisha yake, na kabla ya muda mrefu akasadiki kwamba anaitwa kuwa tabibu. Akabadili masomo, akahitimu udaktari mwaka 1935. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Vita vilipochachamaa jeshi halikuwa na uchaguzi huo, likampokea, na kwa njia hiyo akaiona Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza. Vita vilipokwisha aliomba tena. Mwaka 1946 akapelekwa Uganda, katika hospitali ya Lira, wilaya ya Lango.

Lira ndiko alikojifunza kuuliza swali lililomfaa maisha yote. Wanaume wengi walikuja kufanyiwa upasuaji wa mabusha, naye akaona kwamba wengi wao walitoka mashariki ya wilaya, na wachache sana walitoka magharibi. Madaktari wengi wangeshona jeraha na kumwita mgonjwa anayefuata. Burkitt alitaka kujua kwa nini ugonjwa upo hapa na pale haupo.

Baadaye alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwangalie mtoto aliyevimba taya zote, kushoto na kulia, juu na chini. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akakuta mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Akaanza kukusanya kumbukumbu za hospitali, kuandika barua, na kuchora ramani. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri majuma kumi, maili 10,000 hivi, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza katika hospitali zaidi ya 50 kama uvimbe ule umeonekana huko. Ulionekana kwenye nchi za joto na mvua, wala haukuonekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Saratani hiyo leo inaitwa kwa jina lake duniani kote, na utafiti uliofuata ulisaidia kugundua kirusi cha kwanza kilichohusishwa na saratani ya binadamu. Kwa kazi hiyo peke yake angekumbukwa, ila kwetu kinachohusu zaidi ni kilichofuata.

Alirudi Uingereza mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 55, na mwaka uliofuata alikutanishwa na Thomas Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini. Cleave alikuwa na hoja moja aliyoishikilia kwa miaka mingi huku wataalamu wengi wakimpuuza. Alisema magonjwa mengi ya nchi tajiri yana chanzo kimoja, nacho ni sukari nyeupe na unga uliokobolewa. Wakati wa vita aliagiza magunia ya pumba za ngano yapelekwe melini, akawalisha mabaharia waliokuwa wakifunga choo, na wakapona.

Burkitt alipomsikiliza, miaka yake 20 ya Uganda ilimrudia akilini kwa sura mpya. Katika wodi za Uingereza madaktari wa upasuaji walikuwa wakishughulika kutwa na kidole tumbo, mawe ya nyongo, bawasiri, saratani ya utumbo mpana, na ule ugonjwa wa wazee ambao ukuta wa utumbo hutokeza vifuko vidogo vinavyooza na kupasuka. Yeye alikuwa amepasua maelfu ya wagonjwa Mulago, na magonjwa hayo aliyaona kwa nadra sana. Trowell naye, ambaye alitibu Afrika Mashariki kwa karibu miaka 30, aliandika mwaka 1956 pamoja na mwenzake habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa sababu lilikuwa jambo geni kiasi cha kustahili kuandikwa katika jarida la kitabibu.

Burkitt tayari alikuwa na mtandao wa hospitali za misheni uliomsaidia katika saratani ya watoto. Sasa aliwaandikia madaktari wale wale, mwezi baada ya mwezi, akiwauliza wameona wagonjwa wangapi wa kidole tumbo, wangapi wa mawe ya nyongo. Majibu yalifanana: vijijini magonjwa haya ni machache, mijini yameanza. Wapo waliosema kwamba huenda ni damu tu, kwamba Mwafrika ameumbwa tofauti. Burkitt aliwaelekeza kwa watu weusi wa Marekani, ambao mababu zao walitoka Afrika Magharibi. Wao walikula chakula cha Marekani, na waliugua magonjwa ya Marekani.

Kisha akafanya utafiti uliowachekesha wengi. Yeye na wenzake waliwapa watu vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, wavimeze pamoja na chakula, halafu wakakusanya na kupima choo chao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972 katika jarida la Lancet. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao chakula kilichukua zaidi ya siku tatu kupita mwilini, na choo cha siku moja kilikuwa na uzito wa gramu 100 hivi. Kwa wanakijiji wa Uganda kilipita kwa siku moja na nusu, na uzito ulizidi gramu 400. Wengine wangeona aibu kusimama mbele ya maprofesa na picha za vinyesi. Yeye alizionyesha bila kusita, hata katika mihadhara rasmi, akieleza kwamba mahali watu wanapopata choo kidogo hujengwa hospitali kubwa. Tusione haya darasani na sisi. Mungu aliyewaagiza Israeli wachukue chombo cha kuchimbia nje ya kambi hakuliona jambo hili kuwa dogo (Kumbukumbu la Torati 23:12, 13).

Siri ilikuwa katika nyuzinyuzi, ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuiyeyusha. Punje ya ngano au mahindi ina ganda, kiini, na wanga wa katikati. Mashine za chuma zilizoenea Ulaya na Marekani kuanzia mwisho wa karne ya 19 ziliweza kuondoa ganda na kiini kabisa na kubakiza wanga mweupe, laini, usioharibika upesi dukani. Wanasayansi wa lishe walikuwa wameziona nyuzinyuzi kuwa takataka. Lakini hushika maji, hulainisha choo, hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, na (jambo lililoeleweka vizuri zaidi baadaye) hulisha bakteria wema wa utumbo mpana, ambao hutengeneza kemikali zinazolinda ukuta wa utumbo. Burkitt na Trowell waliyakusanya haya katika kitabu mwaka 1975, na kwa muda uliobaki wa maisha yake Burkitt alizunguka dunia akifundisha. Mara nyingi alionyesha mchoro wa watu wanaofuta maji sakafuni kwa bidii huku bomba la sinki limeachwa wazi nyuma yao. Waliokuwa wakifuta ni madaktari, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kulifunga bomba.

Haitakuwa haki kumfanya Burkitt mtu asiyekosea. Alikazia sana nyuzinyuzi peke yake, na wafanyabiashara walifurahi: pumba zikatiwa kwenye maboksi, watu wakazinyunyiza juu ya kifungua kinywa kile kile cha sukari wakidhani wamepona. Mwaka 2000 majaribio mawili makubwa ya Marekani, moja lao la pumba za ngano, hayakuzuia vinundu vya utumbo kurudi katika miaka michache ya kufuatiliwa. Hata hivyo uchambuzi mpana ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 wakilinganishwa na wanaokula kidogo kabisa. Kiasi kilichofaa kilikuwa gramu 25 hadi 29 kwa siku, na zaidi ya hapo hakikudhuru.

Tena si kila cha zamani ni chema. Trowell yule yule, katika Mulago ile ile, alitumia miaka mingi kutibu kwashiakori kwa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa ndizi tupu au mihogo mitupu. Chakula cha kijijini kilikuwa na nguvu pale kilipokuwa kamili: wimbi pamoja na kunde na simsim, matoke pamoja na maharage, njugu na mboga za majani. Mama aliyebaki na ndizi peke yake hakuwa na cha kumpa mwanawe.

Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, akiwa na umri wa miaka 82. Hadi mwisho alikuwa akiwaambia watu kwamba wazo la chakula lilikuwa la Cleave, wala si lake.

Miaka 22 baadaye kikundi cha watafiti kilifanya jambo ambalo nadhani angelipenda sana. Walichukua Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa KwaZulu, Afrika Kusini, wakabadilishana chakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipanda kutoka gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55, na mafuta yakapunguzwa. Wanakijiji walishuka kutoka gramu 66 hadi 12, wakaongezewa nyama na mafuta. Katika siku 14 dalili za hatari ya saratani ndani ya utumbo zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa wanakijiji. Danieli aliomba siku kumi.

Sasa tazama meza ya chakula cha ushirika katika makanisa yetu baada ya ibada ya Sabato. Mara nyingi kuna wali mweupe, chapati za unga mweupe, maandazi, na chupa za soda kwa ajili ya wageni, kwa kuwa tunaona aibu kumwekea mgeni ugali wa mtama au viazi vitamu vya kuchemsha. Jadilini darasani: aibu hiyo tuliipata wapi?

Wanaotaka kurudi kwenye dona wajue inavyotunzwa. Kiini cha mahindi kina mafuta, kwa hiyo unga wa dona huchacha upesi kuliko sembe. Saga kidogo kidogo, wa wiki mbili tatu, usiweke debe zima. Mahindi yaanikwe mpaka yakauke sawasawa na kuchambuliwa kabla ya kwenda mashineni, kwa maana sumu ya ukungu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na punje iliyoota ukungu haifai hata ikioshwa. Asiyezoea aanze kwa kuchanganya nusu kwa nusu na unga wa zamani, anywe maji ya kutosha, na alipe tumbo majuma machache kuzoea.