Al-Khwarizmi, aljebra na mirathi ya mama yangu

WAISLAMU tuna ada moja. Kila elimu inapotajwa katika mihadhara yetu, hazipiti dakika kumi kabla msemaji hajatukumbusha kuwa aljebra ni kazi ya Muislamu, Al-Khwarizmi. Nasi tunaitikia kwa takbira. Mimi nimeitikia miaka mingi, na nakiri mbele yako ndugu msomaji kuwa muda wote huo sikuweza kutatua mlinganyo hata mmoja.

Hesabu nilifeli kidato cha nne, nikaziacha huko huko. Baadaye riziki ikanileta Marekani. Nilipotaka kusomea uuguzi katika chuo cha jamii, yaani vile vyuo vya umma vya miaka miwili, mtihani wa kupima kiwango ukaniangusha. Nikaambiwa nianze na aljebra ya awali, kozi ambayo haihesabiwi hata kwenye shahada. Kwa kuwa nafanya kazi usiku, nikachagua kuisoma kwa njia ya intaneti. Nikirudi na kuswali Alfajiri nafungua kompyuta, namsikiliza mwalimu kwenye video, nafanya mazoezi, na mashine inanisahihisha papo hapo bila kunionea haya.

Wiki ya tatu, nikiwa nimechoshwa na alama nyekundu, nikajiuliza: huyu Al-Khwarizmi tunayemsifu alikuwa nani hasa, na aljebra aliitakia nini? Nikaanza kumsoma sambamba na kozi.

Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi alizaliwa karibu na mwaka 780 Miladia. Nisba yake ni ya Khwarazm, nchi ya kusini mwa Bahari ya Aral, ambayo leo imo katika Uzbekistan na Turkmenistan. Kazi zake alizifanya Baghdad, katika Baytul Hikma, zama za Khalifa Al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Huko vitabu vya mataifa mengine vilikusanywa na kufasiriwa kwa Kiarabu. Aliandika majedwali ya nyota, akaandika kitabu cha jiografia chenye vipimo vya mahali zaidi ya 2,400, na kitabu cha kufundisha tarakimu za Wahindi. Hicho cha tarakimu kilipofasiriwa Kilatini, jina lake likatamkwa Algoritmi. Kutokana nalo likapatikana neno algorithimu wanalolitumia watu wa kompyuta. Alifariki karibu na mwaka 850.

Kitabu chake cha aljebra hakikuandikwa kwa ajili ya kujifaharisha. Khalifa alimhimiza aandike kitabu kifupi cha hesabu zile ambazo watu wanazihitaji kila siku: mirathi, wasia, ugawaji wa mali, kesi, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Naye akafanya hivyo. Karibu nusu ya kitabu ni masuala ya mirathi na wasia. Wala hakuwa wa kwanza kutatua milinganyo. Wababeli, Wagiriki na Wahindi walikwishatangulia. Yeye aliipanga elimu hiyo katika aina sita za milinganyo, akaonyesha njia ya kila aina na sababu ya njia hiyo kuwa sahihi.

Ajabu niliyoikuta ni kwamba maneno yake hayakuwa mageni kwangu. Jina la kitabu lina hisab, ndiyo hesabu yetu. Lina al-jabr, yaani kurejesha kilichopungua mahali pake, neno ambalo Waarabu walilitumia pia kwa kuunga mifupa iliyovunjika. Lina al-muqabala, yaani kuziweka pande mbili zikabiliane na kuondoa vinavyofanana. Sisi tunasema mkabala. Herufi ya x hakuwa nayo. Kila kitu alikiandika kwa maneno. Kisichojulikana alikiita kitu, au mzizi, na mraba wake akauita mal, yaani mali.

Chukua suala lake mashuhuri: mraba ukijumlishwa na mizizi yake kumi unapata 39. Yeye alichora mraba, akaubandika mistatili miwili yenye upana wa 5, kisha akajaza pembe iliyobaki kwa mraba wa 25. Sasa 39 na 25 ni 64, ubavu wake ni 8. Toa 5, unabaki na 3. Hapo nilielewa kwa mara ya kwanza jambo ambalo shuleni nililikariri bila kulijua.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni ile nusu ya mirathi. Miaka kadhaa nyuma mama yangu alifariki, akamwacha baba, mimi na dada zangu watatu. Wazazi wake walikwishatangulia. Baada ya madeni zilibaki shilingi milioni 20. Hatukumwita mtu, mimi ndiye niliyegawa. Baba nilimpa robo, milioni 5. Nilikuwa nimesikia kuwa mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Nikaelewa kuwa fungu langu ni mara mbili ya dada zangu wote kwa pamoja. Nikachukua milioni 10, wao watatu wakagawana 5.

Asubuhi moja niliiandika kama mlinganyo. Fungu la binti mmoja ni kitu. Mabinti watatu ni vitu vitatu, na mimi vitu viwili. Vitu vitano ni sawa na milioni 15, basi kitu ni milioni 3. Haki yangu ilikuwa milioni 6. Nilikula milioni 4 za dada zangu, na nilikuwa nikiswali juu yake.

Nilimuuliza sheikh mmoja, akathibitisha. Nikampigia simu dada yangu mkubwa. Akaniambia kuwa alijua tangu siku ile ile, ila alinyamaza asije akavunja udugu juu ya kaburi la mama. Nimeanza kuwalipa kila mwezi, na deni halijesha. Namuomba Allah anipe umri nilimalize.

Swali la kujiuliza, ndugu zangu, ni hili: ni mirathi mingapi imegawiwa hivi katika nyumba zetu, si kwa dhulma ya makusudi bali kwa kutojua hesabu? Watoto wetu wanafeli somo hili na sisi tunasema ni gumu, huku tukijivunia aliyelirahisisha. Nashauri madrasa na misikiti yetu itenge japo jioni moja kwa wiki, mafungu ya Suratun Nisaa yafundishwe kwa kalamu na karatasi, wake kwa waume. Hapo takbira zetu kwa Al-Khwarizmi zitakuwa na maana.

Wabillahi tawfiq.