Mary Seacole: askari walimwita Mama, serikali ilimnyima kazi ya uuguzi

Mary Seacole alifariki mjini London tarehe 14 mwezi wa tano mwaka 1881. Askari wa Uingereza waliopigana vita vya Crimea walimfahamu kwa jina la Mama Seacole. Lakini serikali yao haikumwandika kazi hata siku moja.

Alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1805. Baba yake alikuwa askari kutoka Scotland. Mama yake, mwanamke mweusi huru, alikuwa mganga wa dawa za miti, na alitunza wanajeshi wagonjwa katika nyumba yake ya wageni. Huko ndiko Mary alijifunza uuguzi. Kipindupindu kilipoingia Jamaica mwaka 1850, kisha Panama mwaka 1851, aliuguza wengi. Mwaka 1853 homa ya manjano iliua askari Jamaica, na wakuu wa jeshi wenyewe walimwita awasaidie.

Mwaka uliofuata alifika London kuomba kwenda Crimea. Florence Nightingale alikuwa ameondoka na wanawake 38, na wengine walikuwa wakitafutwa. Seacole alibisha hodi ofisi moja baada ya nyingine, na zote zilimkatalia. Katika kitabu chake anaeleza kwamba alisimama barabarani akilia, akijiuliza kama shida ilikuwa rangi ya ngozi yake.

Hakukata tamaa. Alijilipia safari, na mwaka 1855 akafungua karibu na Balaclava nyumba ya chakula na biashara iliyoitwa British Hotel. Aliuza vitu kwa maofisa, na askari asiye na pesa alipata dawa bure. Alifika hadi uwanja wa vita kufunga vidonda, na kuwafariji vijana waliokata roho mbali na mama zao. Jina la Mama lilitoka hapo.

Lilikuwa jina la heshima, lakini halikuwa na mshahara. Wauguzi walioajiriwa na serikali walilipwa. Mama alitoa dawa, chakula na huruma kutoka mfukoni mwake. Vita vilipoisha mwaka 1856, alibaki na bidhaa bila wanunuzi na madeni mengi, akatangazwa kufilisika. Mwaka 1857 alichapisha kitabu cha maisha yake, na tamasha la siku nne likafanyika London ili kumchangia.

Tukumbushe kwamba alisahaulika kwa muda mrefu, na kaburi lake lilitambuliwa tena mwaka 1973. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka 2016 kwenye hospitali ya St Thomas' mjini London, ikitazamana na bunge ng'ambo ya mto.