Eli Terry na Saa za Mbao

Mpwa wangu aishiye Marekani ameniandikia kuwa ameuziwa macho na saa ya kale ya rafuni, mitambo yake ya mbao tupu. Mwenye saa ashikilia kuwa ni kazi ya Eli Terry. Je, ainunue? Nimeona vyema kwanza nimweleze Terry alikuwa nani.

Alizaliwa East Windsor, jimbo la Connecticut, tarehe 13 Aprili 1772, akajifunza ufundi kwa Daniel Burnap, bingwa wa saa za shaba. Zama hizo saa ilikuwa mali ya mwenye nacho: ndefu kupita kimo cha mtu, na meno yake yakichongwa kwa mkono. Shaba ilikuwa ghali, ilhali mbao zilijaa misituni.

Basi Terry akaingia mkataba wa kutengeneza mitambo 4,000 ya mbao kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza wote aliutumia kuunda mashine za kuendeshwa kwa nguvu za maji. Ilipofika 1810 ahadi ilikuwa imetimia. Siri yake ni kwamba gurudumu la saa hii liliingia katika saa ile bila ya kuchongwa upya.

Mwaka 1816 akapata hataza ya saa fupi ya kuweka rafuni, yenye kwenda saa 30 kwa kutiwa ufunguo mara moja. Wachuuzi wakaitembeza hadi mashambani. Seth Thomas na wengineo nao wakaunda za mfano huo. Mwisho wa miaka ya 1830 mitambo ya shaba ilishuka bei, za mbao zikafifia. Terry alifariki mwaka 1852, akiwa na umri wa miaka 79.

Hapo ndipo penye mtihani. Ufundi uleule uliomfikishia mkulima saa ndio umwezeshao muuzaji wa leo kuunga saa moja kwa viungo vya saa tatu. Nimemwambia mpwa wangu alifungue kasha: asome karatasi ya mtengenezaji iliyobandikwa ndani, ahesabu meno yaliyovunjika, atazame kama kuna matundu ya zamani yasiyolingana na mtambo uliomo, na kama kioo na miguu ni vya asili. Iliyo kamili ailipie kwa heshima yake. Ya kuungaunga ailipie kama pambo tu, hata ikiwa yatoa mlio mtamu.