Maisha ya Marehemu Charles Hamilton Houston, Mtetezi wa Elimu

Katika taarifa yetu ya mwaka huu twapenda kuwakumbusha wazee na wanachama habari za mtu aliyepanda mti asiokula matunda yake.

Charles Hamilton Houston alizaliwa Washington, Marekani, tarehe 3 Septemba 1895. Baba yake alikuwa wakili. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa afisa wa jeshi, akaona jinsi askari weusi walivyodhulumiwa, akaazimia kusoma sheria. Alihitimu Harvard, na mwaka 1929 akakabidhiwa uongozi wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard. Hapo alifundisha mawakili weusi kwa ukali na kwa mapenzi. Mmoja wao ni Thurgood Marshall.

Siku zile katika majimbo ya kusini mtoto mweusi hakupokelewa katika shule ya wazungu. Hukumu ya mwaka 1896 katika kesi ya magari ya moshi iliruhusu watu watengwe, maadamu huduma ziwe sawa. Houston alikwenda South Carolina na kamera ya sinema, akapiga picha za vibanda vya watoto weusi na majengo imara ya watoto weupe, ili usawa huo wa maneno uonekane ulivyo.

Alianza na vyuo vya sheria, kwa kuwa jimbo lisingeweza kujenga chuo cha pili kilicho sawa bila gharama kubwa. Mwaka 1935 chuo cha Maryland kililazimika kumpokea mwanafunzi mweusi. Mwaka 1938 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Missouri haikutimiza wajibu wake kwa kumlipia mwanafunzi mweusi karo akasome jimbo jingine.

Alifariki tarehe 22 Aprili 1950, umri miaka 54. Tarehe 17 Mei 1954, katika kesi iliyoongozwa na Marshall, majaji wote tisa waliamua kwamba kutenga watoto wa shule za serikali kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Sisi wa Kenya, ambao shule zetu nazo ziligawanywa kwa rangi wakati wa ukoloni, tuna deni kwake. Mwaka 1960 Marshall aliwasaidia wajumbe wetu Waafrika huko London katika kuandaa haki za raia.

Basi tusione haya kuchangia karo ya kijana ambaye kazi yake huenda tusiione. Mungu amrehemu.