Burckhardt: Msafiri aliyeiona Petra akiwa njiani kwenda kwingine

MAGOFU ya Petra, mji wa kale uliochongwa katika miamba ya Jordan, yalijulikana Ulaya kutokana na Johann Ludwig Burckhardt, Mswisi aliyekuwa ametumwa kutafuta kitu kingine kabisa.

Burckhardt alizaliwa Novemba 24, 1784, mjini Lausanne. Mwaka 1809, chama kimoja cha London kilichodhamini uchunguzi wa bara la Afrika kilimtuma avuke jangwa la Sahara kutoka Cairo hadi Mto Niger.

Ili aandamane na misafara ya wafanyabiashara bila kutiliwa shaka, aliishi Aleppo, nchini Syria, kwa zaidi ya miaka miwili akijifunza Kiarabu na sheria za Kiislamu. Huko alijulikana kwa jina la Ibrahim ibn Abdallah.

Mwaka 1812, akiwa njiani kwenda Cairo, alisikia habari za magofu yaliyofichika karibu na Wadi Musa. Wenyeji waliyafahamu siku zote, lakini waliwashuku wageni kuwa wanawinda hazina.

Burckhardt alidai ameweka nadhiri ya kuchinja mbuzi kwenye kaburi la Nabii Harun, lililoko mlimani ng'ambo ya magofu hayo. Agosti 22, alipita katika korongo jembamba pamoja na kiongozi wake wa njia, asithubutu kukawia wala kuandika mbele ya macho ya mwenzake.

Alipofika Cairo alikosa msafara, akapanda na Mto Nile. Machi 22, 1813, aliliona hekalu la Farao Ramesses wa Pili huko Abu Simbel, sanamu zake zikiwa zimefukiwa na mchanga. Habari hizo alimpa Mtaliano Giovanni Belzoni, aliyefukua lango na kuingia ndani Agosti 1817.

Kabla ya hapo, Burckhardt alikuwa amevuka jangwa la Nubia hadi bandari ya Suakin, akafika Makka mwaka 1814 na Madina mwaka uliofuata, alikougua kwa muda mrefu.

Alifariki dunia mjini Cairo Oktoba 15, 1817, kwa ugonjwa wa kuhara damu, akiwa na umri wa miaka 32, na akazikwa katika makaburi ya Waislamu.

Vitabu vya safari zake vilianza kuchapishwa mwaka 1819. Abu Simbel iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na Petra mwaka 1985. Mto Niger, uliomtoa kwao, hakuuona kamwe.