Srinivasa Ramanujan: karani mcha Mungu na profesa asiyeamini

Swali hili hutufikia mara nyingi, na aghalabu huja na ukali: je, mtu mwenye akili nyingi anaweza kumwamini Mungu? Wengine huligeuza: je, asiyeamini anaweza kweli kuwa na akili timamu? Kijana anayetoka kijijini kwenda chuo hukutana na yote mawili. Nyumbani anaonywa kwamba masomo yatamtoa kwenye dini. Chuoni anasikia kwamba dini ni ya wale ambao hawakusoma.

Leo tumechagua maisha ya mtu mmoja, Mhindi aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita akiwa na umri wa miaka 32 tu. Tumemchagua kwa sababu alifanya kazi kwa karibu miaka mitano na mtu aliyekuwa kinyume chake kabisa katika jambo hili.

Jina lake ni Srinivasa Ramanujan. Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1887 huko Erode, kusini mwa India, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Waingereza. Alikulia Kumbakonam, mji wenye mahekalu mengi. Familia yake ilikuwa ya Wabrahmani, tabaka linaloheshimiwa sana katika dini ya Kihindu, lakini heshima hiyo haikuleta pesa. Baba yake alikuwa karani katika duka la sari. Mama yake, Komalatammal, aliimba katika hekalu la karibu. Mtoto aliugua ndui akiwa na miaka miwili, akapona. Ibada ya nyumba hiyo ilielekezwa hasa kwa Namagiri, mungu wa kike wa hekalu la mji wa Namakkal.

Shuleni Ramanujan alikuwa mwanafunzi mzuri mpaka alipokutana na kitabu kimoja. Alikuwa na umri wa miaka kama 15 au 16. Kitabu kilikuwa cha Mwingereza aitwaye Carr, mkusanyiko wa kanuni za hisabati zipatazo 5,000, nyingi zikiwa zimetajwa tu bila kuonyeshwa zimepatikanaje. Kijana alizifuata moja moja na kujitafutia njia mwenyewe, kisha akaanza kutunga za kwake. Masomo mengine aliyaacha yajiendee.

Matokeo yake yalikuwa mabaya. Mwaka 1904 alipata ufadhili wa kusoma chuo cha serikali cha Kumbakonam, akaupoteza kwa kufeli yasiyo hisabati. Akajaribu chuo kingine mjini Madras, ambao leo unaitwa Chennai, akafeli tena. Hakupata cheti. Tunalitaja hili mapema kwa sababu mjadala wetu unahusu kupima akili, na hapa kipimo rasmi cha wakati ule kilimpima mmoja wa wanahisabati wakubwa kuliko wote waliowahi kuishi, kikaona hafai.

Mwaka 1909 aliozwa Janaki, binti wa miaka kama 10, kwa desturi ya wakati ule. Binti alibaki kwanza kwa wazazi wake. Mwaka 1912 Ramanujan alipata kazi ya ukarani katika mamlaka ya bandari ya Madras, kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi. Karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo hesabu zake alizifanya kwenye kibao kidogo cha kuandikia, akafuta kwa kiwiko, akaandika tena. Kilichostahili kubaki ndicho kilichohamia kwenye daftari, yaani jibu peke yake. Njia ilifutika na vumbi la kibao.

Barua ya Januari 1913

Mabosi wake bandarini waliona kwamba karani huyu si wa kawaida, wakamhimiza aandikie Uingereza. Maprofesa wawili hawakumsaidia. Wa tatu alikuwa G. H. Hardy wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na barua aliyotumiwa ina tarehe 16 Januari 1913. Ndani yake mlikuwa na kurasa za kanuni bila uthibitisho. Hardy alidhani mwanzoni ni utapeli. Jioni alikaa na mwenzake Littlewood wakazichambua, na kabla ya kulala walikuwa wameamua kwamba aliyeandika ni mtu wa kipaji kisicho cha kawaida.

Hardy mwenyewe ni habari nyingine. Alizaliwa mwaka 1877, mtoto wa walimu walioshika dini. Akiwa mdogo kanisani, inasimuliwa, alijipitishia muda kwa kuzigawanya namba za nyimbo zilizobandikwa ukutani. Alipokuwa mtu mzima hakuingia kanisani hata kwa shughuli rasmi za chuo. Alikuwa na mzaha wake wa kumfanya Mungu adui binafsi: alikwenda kutazama kriketi na mwavuli na masweta, ili Mungu akidhani Hardy anataka mvua, alete jua. Safari moja alipokuwa anavuka bahari kutoka Denmark wakati wa dhoruba, alituma kadi akidai amethibitisha fumbo kubwa la hisabati ambalo hakuna aliyelifumbua. Hesabu yake ilikuwa kwamba Mungu hatakubali Hardy azame na sifa hiyo ya uongo. Sisi tunaona mtu anayejisumbua hivyo na Mungu hakuwa amemsahau kabisa, lakini Hardy asingekubali.

Huyo ndiye aliyemwita Ramanujan aende Cambridge. Kikwazo kilikuwa dini. Mbrahmani aliyeshika mila hakupaswa kuvuka bahari. Aliyevuka alihesabiwa amechafuka na angeweza kutengwa na watu wa tabaka lake. Mama alikataa. Kisha, kama ilivyosimuliwa na waliowafahamu, aliota ndoto: alimwona mwanawe amekaa katikati ya Wazungu, na Namagiri akamwamuru asimzuie. Tarehe 17 Machi 1914 Ramanujan alipanda meli.

Meza moja

Kazi waliyoifanya pamoja inaweza kuelezwa kwa mfano mdogo. Chukua namba 4. Unaweza kuigawa katika mafungu kwa njia tano: 4 yenyewe, 3 na 1, 2 na 2, 2 na 1 na 1, au 1 mara nne. Kwa namba 10 njia ni 42, bado unaweza kuziandika kwa mkono. Kwa namba 100 njia ni 190,569,292. Je, kuna kanuni inayokupa jibu bila kuhesabu fungu kwa fungu? Ramanujan alikuwa na hakika kwamba ipo. Hardy alijua mbinu za kuijenga hatua kwa hatua na kuilinda dhidi ya makosa. Waliichapisha mwaka 1918, na walipoijaribu kwa namba 200, ambayo jibu lake linazidi trilioni 3.9, ililingana na hesabu iliyokuwa imefanywa kwa mkono na mwenzao MacMahon.

Hakuna kati yao aliyeipata peke yake. Hardy alipenda kuwapa wanahisabati alama kutoka 0 hadi 100 kwa kipaji cha kuzaliwa. Yeye mwenyewe alijipa 25, Littlewood akampa 30, Hilbert wa Ujerumani 80. Ramanujan alimpa 100.

Basi je, mtu huyu wa alama 100 aliamini? Hapa ndipo tunapopaona pazito, kwa sababu kila upande ulitaka kumchukua.

Ndugu na marafiki zake wa India walieleza kwamba Namagiri alimletea kanuni usingizini, na kwamba Ramanujan alisema hesabu isiyoeleza wazo la Mungu haina maana kwake. Hardy alipinga. Akihutubia Harvard mwaka 1936 alisisitiza kwamba rafiki yake hakuwa mtu wa maono, na kwamba dini, ukiacha miiko ya chakula na mila, haikuwa na nafasi kubwa kwake. Ushahidi wake mkuu ni kwamba Ramanujan aliwahi kumwambia dini zote anaziona kuwa na ukweli unaokaribia kulingana.

Tunadhani Hardy alikosea, na kosa lake linafundisha. Mhindu anaweza kusema dini zote zina ukweli na asubuhi yake akasali kwa Namagiri bila kuona mgongano wowote. Ramanujan alijipikia chakula kisicho na nyama katika nchi ya baridi, wakati wa vita, mboga zikiwa adimu. Hardy alimpenda na kumheshimu, na kwa sababu hiyo hiyo alishindwa kukubali kwamba akili aliyoiheshimu hivyo ingeweza kuamini.

Lakini hata simulizi ya nyumbani ina kasoro yake. Ukisema mungu alimnong'oneza, unakifuta kile kibao. Katika barua ile ya 1913 mlikuwa na madai kuhusu namba tasa, zile zisizogawanyika, na yalikuwa na makosa. Hardy ndiye aliyeyabaini. Kuna pia kisa maarufu cha teksi. Hardy alikwenda kumwona Ramanujan akiwa mgonjwa huko Putney, London, akalalamika kwamba teksi aliyopanda ilikuwa na namba isiyo na mvuto, 1729. Ramanujan akajibu palepale kwamba ni namba ndogo kuliko zote zinazopatikana kwa njia mbili kwa kujumlisha namba mbili zilizozidishwa mara tatu zenyewe: 12 mara 12 mara 12, ongeza 1, au 10 mara 10 mara 10, ongeza 9 mara 9 mara 9. Wengi huona muujiza. Ila jambo hilo alikuwa ameshaliandika kwenye daftari zake miaka mingi nyuma.

Siku hizi wapo wanaojaribu kulijibu swali kwa takwimu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 63 zilizolinganisha alama za majaribio ya akili na kiwango cha dini. Katika tafiti 53, waliokuwa na dini zaidi walipata alama za chini kidogo kwa wastani; katika 10 ilikuwa kinyume. Wengi wa waliopimwa ni watu wa Magharibi. Wastani wa mavuno ya wilaya hauwezi kukwambia shamba la jirani yako limetoa magunia mangapi, na tofauti iliyopatikana hapo ni ndogo. Isitoshe, majaribio ya namna hii hufanana na masomo ya darasani, na tumeshaona darasa lilimfanyia nini Ramanujan.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1917 aliugua. Madaktari walisema kifua kikuu. Mwaka 1994 daktari aliyepitia kumbukumbu zake alihisi ni amiba zilizoingia ini. Mwaka 1918, akiwa bado mgonjwa, alichaguliwa kuingia Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza, akiwa Mhindi wa pili kuingia humo. Mwaka 1919 alirudi India. Alifariki tarehe 26 Aprili 1920 mjini Madras.

Inaelezwa kwamba ndugu zake wengi walioshika mila hawakuhudhuria mazishi, kwa kuwa alikuwa amevuka bahari na hakuwahi kwenda kutakaswa. Hardy alisema hakuwa muumini wa kweli, na waumini wenzake walimwona amechafuka.

Janaki alibaki mjane akiwa na miaka kama 21. Alijifunza kushona, na kwa miaka mingi aliishi Madras kwa cherehani yake, mpaka alipofariki mwaka 1994. Alisimulia jinsi mumewe alivyoendelea kuandika hesabu kitandani hadi siku chache kabla ya kufa. Karatasi za miezi hiyo zilipelekwa Uingereza, zikapita mikono kadhaa, zikasahaulika. Mwaka 1976 Mmarekani George Andrews alizikuta ndani ya sanduku katika maktaba ya chuo cha Trinity, Cambridge: kurasa zaidi ya 100, kanuni zipatazo 600, karibu zote bila uthibitisho. Kuzithibitisha kuliwachukua wanahisabati miongo kadhaa.